Canter ya volti 24 na redio ya volti 12: shajara ya dashibodi

Jumamosi, siku ya kwanza

Naanza kuandika leo kwa sababu wiki iliyopita niligusa waya fulani chini ya usukani na sasa sikumbuki ni upi, na kwenye umeme ukishaanza kusahau ulichogusa basi umeongeza ugonjwa wako juu ya ule uliokuwepo. Gari lenyewe ni Canter ya 1996, injini 4D33, tulinunua mimi na shemeji yangu miaka miwili imepita, kazi yake ni nyanya za Ilula kwenda Dar na kurudi na chochote kinacholipa, mabati, soda, siku nyingine magodoro. Injini haina neno, mlima Kitonga inapanda taratibu na mzigo wake mpaka juu. Mgonjwa ni dashibodi. Dereva kanipigia juzi yuko Mikumi saa nne usiku, "mwalimu hili gari lina mashetani", na mimi nafundisha fizikia sekondari kwa hiyo mashetani nayakataa kikazi, ingawa moyoni nilishaanza kuyafikiria.

Malalamiko nimeyaandika kama alivyoyataja. Redio inazima yenyewe ukiwasha taa kubwa na feni ya hita kwa pamoja, na Iringa mwezi wa saba huwezi kumwambia mtu asiwashe hita. Taa zikiwaka sindano ya temperecha na ya dizeli zinapanda zote mbili, ukizima zinashuka, yaani tunajaza tangi kwa swichi ya taa. Soketi ya sigara imeunguza chaja mbili za simu, sasa hivi haitoi kitu kabisa. Saa ya kwenye dash kila asubuhi inaanza upya 1:00. Taa za geji upande wa kushoto giza. Na kubwa kuliko yote, gari likilala Jumamosi mpaka Jumatatu halipigi stata, betri tumeshanunua seti mbili, na betri mbili mpya za N70 sio hela ya mandazi.

Mafundi watatu wameshapita humo. Wa kwanza alibadilisha altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, wa pili akabadilisha swichi ya taa, wa tatu alisema ni shoti tu akaomba nauli ya kwenda kutafuta kifaa, hajarudi mpaka leo. Shemeji kasema sasa ni zamu yako mwalimu, si ndo unafundisha watoto haya mambo.

Jumapili

Leo sijafungua bisibisi hata moja, nimepima tu. Betri mbili zimeungwa mfululizo pembeni ya chesisi, moja negativu yake imeenda kwenye chesisi, nyingine pozitivu yake ndo inapanda kwenye stata na altaneta. Jumla ikiwa imelala usiku kucha: volti 24.6. Shemeji akasema si ziko poa hizo. Na ukiangalia jumla ni kweli hazitishi sana. Nikapima moja moja: ya chini, ile yenye ethi, yaani iliyoungwa kwenye chesisi, 11.8. Ya juu 12.8. Betri nzima iliyojaa inakaa kwenye 12.6 hivi, sasa hii ya 11.8 ni maiti inayotembea na mwenzake ndo anaficha aibu.

Tukawasha injini. Jumla 28.3, altaneta safi kabisa (yule fundi wa kwanza alikula hela yetu bure). Moja moja: ya chini 13.0, ya juu 15.3. Hapo nikakaa chini kwenye jiwe. Altaneta yenyewe inaona jumla tu, haijui ndani kuna wawili, ikishafika 28 na ushee inaridhika, kwa hiyo ya chini haijai hata siku moja na ya juu inapikwa kila siku. Ndo maana tulikuwa tunaongeza maji upande mmoja tu kila baada ya safari mbili, na ile harufu ya yai viza dereva aliyokuwa anaisema, na sisi tukawa tunalaumu betri.

Maana yake kuna kitu kinachota umeme kwenye betri moja peke yake. Nikafuata kwa macho, kweli, kwenye kile kiungo kati ya betri na betri kuna waya mwembamba mwekundu umebanwa kwenye nati, umefungwa solotepu ya kahawia, ile ya kufungia maboksi, umepanda hadi ndani ya kabini. Hauna fyuzi popote. Huo waya ukikwaruzwa ukagusa bati ni moto, sio mfano wa maneno, moto wa kweli.

Jumatano jioni

Nimechomoa redio. Yule mwekundu ndo unaoilisha, kama nilivyodhani, na nimeelewa hadithi ilivyokuwa. Redio zinazokuja na haya magari kutoka Japani FM yao inaishia 90, inaanzia 76, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya 90, kwa hiyo mtu wa kwanza kulipokea gari anachofanya ni kung'oa ile redio aweke ya kwetu. Ila ya kwetu ni ya volti 12 na gari ni 24. Njia halali ni konveta ya kushusha 24 iwe 12. Njia ya mkato ni kwenda kwenye betri moja ukachote 12 yako. Mkato huu nimeshauona kwenye Canter na Fuso nyingi tu pale Ipogolo, mafundi wanaufanya kwa dakika ishirini na redio inaimba vizuri, mteja anaondoka anafurahi, betri zinakuja kufa baadaye wala hakuna anayehusisha.

Kabla sijachomoa nilipima kwanza umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Kwa asiyejua: unatoa kebo ya negativu, unahamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampia 10, unaweka mita katikati ya kebo na betri, na usiguse funguo hata kidogo, maana ukipiga stata hapo mita imekwenda. Ikasoma ampia 0.38. Nikachomoa fyuzi moja baada ya nyingine, zote, haikushuka hata nukta, nikaanza kuchanganyikiwa mpaka nikakumbuka kwamba ule waya haupiti kwenye boksi la fyuzi. Nikachomoa plagi ya redio ikaanguka hadi 0.02. Redio ilikuwa imezimwa! Kumbe waya wa njano wa kumbukumbu na mwekundu wa funguo wamesokotwa pamoja, kwa hiyo redio hailali, imefumba macho tu. 0.38 mara saa 24 ni kama ampia-saa 9 kwa siku, kwenye betri ya 70 ambayo haijawahi kujaa. Jumamosi mchana hadi Jumatatu alfajiri, hesabu imekamilika.

Waya mwekundu nimeutoa wote, nimeukunja, nimemuwekea shemeji mezani kama ushahidi. Betri nimezichaji kila moja peke yake usiku kucha.

Dereva kaondoka bila redio. Hakuaga vizuri.

Jumamosi ya pili

Gari lilirudi Alhamisi, limelala, leo limepiga stata kama jipya. Betri 12.7 na 12.6. Nilitegemea na yale mengine yatakuwa yamepona, hayajapona. Nikawasha taa, sindano mbili zikapanda zikiongozana kama wanakwaya.

Hapa nilipoteza siku nzima. Nilijiaminisha ni senda ya temperecha, kile kidude cha kwenye injini kinachoiambia geji isome nini, nikanunua, nikafunga, haikubadilika kitu. Ujinga wangu kabisa: senda ya injini na senda ya tangi zinaharibikaje siku moja kwa saa moja, na zinajuaje kwamba nimewasha taa? Vitu viwili visivyojuana vikiugua pamoja unatafuta wanapokutana. Hii ningemwambia mwanafunzi kwa sauti ya ukali, ila nilishalipia senda.

Jumapili, baada ya ibada

Nimepita kwa mzee mmoja alikuwa fundi umeme wa malori zamani, sasa anakaa tu na miti yake ya parachichi. Kamwene, kamwene, tukaongea mvua, tukaongea bei, afu nikamweleza. Hakuniuliza waya wala rangi. Akauliza, "kabini mliipaka rangi?" Nikamwambia ndiyo baba, kabla hatujanunua ilipigwa rangi nzima. Akasema basi nenda kaangalie bolti za ethi, na usipime waya hauna kazi, uupe kazi kwanza ndo uupime. Akanipa globu ya indiketa, 24 kwa wati 21, ina nyaya mbili zimelehemiwa kwenye kitako, moja ina klipu. Kifaa chenyewe ndo hicho.

Nikaelewa njiani narudi. Mita inakunywa umeme kidogo mno, waya uliooza hata ukibaki na unyuzi mmoja mita itakuonyesha volti zote 24 ukajua mambo safi. Globu ya wati 21 kwenye 24 inavuta karibu ampia 0.9, hiyo waya mbovu hauwezi kuibeba, unaumbuka hapohapo.

Nimejaribu kwenye soketi ya sigara. Mita peke yake: 24.9. Nimegusisha globu: haijawaka hata rangi ya kaa, na mita ikadondoka hadi 3. Nilipiga kelele mke wangu akatoka nje kuangalia.

Jumanne na Jumatano

Nimeunganisha siku mbili maana kazi ni moja.

Ethi. Canter kichwa kinainuka na kinakaa juu ya raba, kwa hiyo bati la kabini halijashikana na chesisi kiumeme, kinachoziunganisha ni mkanda wa nyaya za shaba zilizosukwa. Nimewasha kila kitu, taa kubwa, hita spidi ya mwisho, wipa. Waya mweusi wa mita kwenye negativu ya betri, mwekundu kwenye bati tupu la kabini: volti 0.9. Hapo palitakiwa kuwa karibu na sifuri. Nikahamisha mwekundu hadi kwenye ethi ya nyuma ya geji: 3.6. Kwa hiyo 0.9 inapotelea kwenye mkanda na 2.7 iliyobaki inapotelea kati ya dash na bati la kabini. Ugonjwa una nyumba mbili.

Mkanda nimeinua kabini nikauona, nusu ya nyuzi zimekatika na zilizobaki zimeota kijani. Nimeweka kipande cha kebo nene ya betri, nimebana temino mbili, dakika kumi.

Ya pili ndo tamu. Nimefungua vioo vya dash, nikalala chali juu ya kiti miguu nje ya mlango, tochi mdomoni, nikafuata waya mweusi kutoka kwenye plagi ya geji. Unaungana na weusi wenzake watano au sita kwenye pete moja, pete imefungwa na bolti ya spana namba 10 kwenye bati, upande wa ndani karibu na klachi. Bolti imekaza vizuri tu. Ila chini ya pete kuna rangi. Rangi nzuri, ya kung'aa, bluu ileile ya kabini, yaani waliofungua dash kupaka walirudisha pete juu ya rangi mbichi wakakaza. Umeme wote wa dash ulikuwa unarudi nyumbani kwa kupitia meno ya bolti peke yake, na meno nayo yameshika kutu.

Ukinzani wa pale ni nusu omu hivi. Nimepiga hesabu, feni na taa za geji na vingine vinavyorudia pale ni kama ampia 5, na 2.7 gawanya kwa 5 ndo hiyo. Kitu kidogo hata mita yangu ukiiweka kwenye omu haikipimi vizuri, ila umeme ukishapungukiwa njia ya kurudi unatafuta nyingine, unapita kwenye geji unashukia kwenye senda za injini na tangi, sindano zinapanda. Na redio je? Ethi yake ilikuwa palepale. Betri ya chini inampa 13, ethi imeinuka 3.6, inabaki 9 na kitu, redio ya 12 kwa 9 inazima. Yale mashetani mawili yalikuwa yanafahamiana.

Nimekwangua rangi kwa kisu hadi bati jeupe, msasa, pete nimeisugua pande zote mbili, nimekaza, grisi kidogo juu ili kutu isirudi. Nimewasha kila kitu tena. 0.06. Sindano zimetulia. Nimewasha na kuzima taa kama mara ishirini bila sababu yoyote.

Ijumaa

Soketi ya sigara fasta. Nyuma yake plastiki ya plagi imeyeyuka, waya umeungwa kwa kusokota ukafunikwa na solotepu iliyogeuka ulimbo. Boksi la fyuzi limeandikwa 15 mahali pake na ndani kumekaa ya kijani, yaani 30. Bluu ndo 15. Ndo maana waya ulipika na fyuzi ikabaki mzima inaangalia. Nimeweka waya mpya, plagi mpya, bluu. Globu ya mzee imewaka nyeupe.

Chaja zilizoungua halikuwa kosa la gari. Nimesoma kwa kioo cha kukuzia ile moja iliyobaki, imeandikwa 12V basi. Za kununua ni zile zimeandikwa 12-24V. Dereva nimemwonyesha, akasema lakini zinaingia mwalimu. Ni kweli, zinaingia.

Jumatatu, aibu

Konveta imefika kutoka Kariakoo pamoja na rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme kupitia koili yake, kaja navyo dereva. Mpango wangu: konveta isiwe hewani muda wote, maana hata yenyewe inakula kidogo ikiwa haina kazi, kwa hiyo iwashwe na rilei pale funguo inapofika ACC, ile hatua ya kuwasha redio bila injini. Miguu ya rilei ina namba: 30 kutoka kwenye pozitivu kuu kupitia fyuzi ya 10, 87 kwenda konveta, 86 kwenye ACC, 85 ethi (kwenye ile bolti yangu). Nimefunga, redio imeimba, nimeita watu waje waone. Dakika tano harufu ya plastiki. Rilei huwezi kuishika. Boksi lake linasema 24V, yenyewe pembeni kwa herufi za mchwa imeandikwa 12V. Volti mara mbili kwenye koili ileile joto ni mara nne, hili swali nimeshalitunga kwenye mtihani.

Nimepata nyingine hapahapa mjini, nimesoma kwanza ndo nikalipa.

Waya wa njano na mwekundu wa redio nimewaunga wote kwenye konveta, kwa hiyo funguo ikitoka redio inasahau stesheni. Kuna konveta zenye waya wa pembeni wa kumbukumbu ila hii haina. Nilijiandaa kujitetea kwa dereva, akasema yeye stesheni hana habari nazo, anapigia flashi tu.

Alhamisi

Taa za geji. Nimechomoa bodi ya geji nikakuta kituko: upande wa kushoto fundi fulani alikosa globu za 24 akaweka za 12 mbili kwa mfululizo, waya mmoja umerukishwa hewani kutoka tundu hadi tundu. Wazo sio baya, kila moja inapata 12 yake, ila moja ikikatika zinakufa zote na ndicho kilichotokea. Nimetoa, nimeweka ndogo za volti 24 wati 3 kila tundu. Usiku wa leo nimekaa ndani ya gari nimezima taa za uani, naangalia tu.

Jumamosi, tena

Imebaki saa. Ya kurudi 1:00 kila asubuhi maana yake haina umeme wa kudumu, inapata wa funguo tu. Nikajaribu taa ya kabini, nayo haiwaki mlango ukifunguliwa. Haya, wawili wanakutana wapi. Kifuniko cha boksi la fyuzi kinaonyesha saa na taa ya kabini wanakaa tundu moja, ya 10, nyekundu. Tundu liko wazi, safi, halijawahi kuungua. Mtu kaitoa.

Nikampigia dereva. Kimya kidogo, afu: "Mwalimu hiyo nilitoa mimi, Ruaha Mbuyuni, honi ilikuwa imekata na trafiki wako mbele." Miezi minane imepita. Fyuzi ya saa inapiga honi.

Nimenunua pakiti nzima, nimejaza tundu, nyingine nimezifunga kwa raba ndani ya kifuniko. Swali la kwa nini ile ya honi ilikatika mwanzoni bado halina jibu, nashuku waya pale usukani unapozungukia, nitafungua safari ijayo likirudi. Kuvuja nimepima tena, 0.03, hiyo ya ziada ni saa yenyewe.

Jumatatu asubuhi

Limelala toka Jumamosi, betri 12.6 na 12.6, limewaka mara moja. Dereva kapanda, kawasha taa, kawasha hita, kaweka flashi yake, tingo anafunga turubai nyuma. Nikachungulia dirishani kuangalia saa kama imehifadhi usiku wote. Inasoma 12:40. Nikashtuka, nikaangalia simu, 6:40. Nikamuuliza umeigusa? Akasema "ndiyo mwalimu, nimeiweka saa za kwetu." Nimeiacha hivyohivyo.